Ndiyo ya Irmina

"Rudisha hicho kidonge."

"Sirudishi."

"Irmina, nakwambia kwa mara ya mwisho."

"Na iwe ya mwisho kweli, maana masikio yamechoka. Sirudishi! Njoo unipige basi. Nyie Wangoni mkishiba panya wenu lazima mtafute vita."

"Leo siyo siku ya utani."

"Nani anakutania? Humu ndani yupo mama yangu. Unataka umtoe, umgeuze jambazi, aje anibembeleze, mimi nimkatie simu, halafu wewe unipigie makofi. Una akili timamu?"

"Siyo mama yako. Ni sauti."

"Haya, nenda kamwambie baba hivyo hivyo. Mwambie, 'Mzee Kikoti, siyo mkeo, ni sauti.' Uone kama hutatoka pale na cherehani kichwani."

Otmari Mapunda, mwalimu wake, alikuwa amesimama katikati ya ghala la zamani la tumbaku, mikono ameitanua kama golikipa anayengoja penalti. Mbele yake Irmina, binti wa miaka kumi na saba, amebana mgongo ukutani. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba kitu cheusi kidogo kama punje ya mahindi. Wanafunzi wenzake walishatolewa nje, ila usifikiri waliondoka. Vivuli vyao vilionekana chini ya mlango. Mmoja alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, na mtafuno ulisimama kila ugomvi ulipopanda.

Tumbaku yenyewe iliondoka humo kabla Otmari hajazaliwa, lakini harufu yake iligoma kuhama. Kila mvua ikikaribia, kuta zilikuwa zinaitoa upya, tamu na kali, na Otmari alikuwa anamkumbuka bibi yake. Hakupenda kumkumbuka akiwa kazini.

"Irmina," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua kesho ni nini?"

"Naijua. Birthday yangu. Usininunulie keki."

"Kesho saa tatu asubuhi ndiyo yako inafunguka."

Kule nje mtafuno ulikoma kabisa.

*

Sasa ngoja nikuweke sawa, maana kama hukuishi miaka hiyo utaona watu wamechanganyikiwa.

Zamani mtu ukikubali jambo ulikuwa unaweka sahihi. Baadaye ikaja namba ya siri, baadaye kidole, baadaye jicho. Vyote vikaibiwa. Wakubwa wakakaa, wakaona kitu kimoja tu hakigawanyiki na mwenyewe, nacho ni mtu kusema kwa mdomo wake, kwa pumzi yake: ndiyo. Mtu akifika miaka kumi na nane, saa ile ile aliyozaliwa, ndiyo yake inaingizwa kwenye mtambo wa taifa. Kuanzia hapo ukilisema neno hilo kwenye simu umeoa, umehama, umekubali kupasuliwa, umeuza nyumba. Mwizi akikubandua hilo neno mara moja tu, amekuvaa wewe mzima kama koti.

Muulize Tasilo wa Lizaboni. Alimwitikia kaka yake kwenye simu, kumbe kaka yuko shambani anapalilia, wala hana habari. Tasilo alipokuja kushtuka, jina lake lilishaoa Kigoma na kukamatwa Tabora, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Makambako. Mpaka leo hospitali wakimtazama wanamwambia yeye siye.

Kwa hiyo watu waliacha kulisema. Mtaani ukimuuliza mtu, "Umekula?" atakujibu "ehee," au "haswa," au atatikisa kichwa tu. Watoto waliokua miaka hiyo walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo nyumbani, wanaliona kwenye vitabu tu.

Na wezi hawakuwa wanakuja na bunduki. Walikuwa wanakuja na Kinywa.

Kinywa ni kimashine tu. Kile cha darasani kilikuwa na ukubwa wa redio ya mkulima, kimefunikwa kanga kisije kuingia vumbi. Unakilisha pumzi kumi na moja za mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, kinazitafuna, halafu kinakutemea mtu mzima mzima, na kikohozi chake, na kicheko chake. Ila ubaya wake haukuwa kwenye kuigiza. Ubaya ulikuwa kwamba kinakusikiliza na wewe. Kinanusa unachokikosa, kisha kinakupa kidogo, kama anayemchezeshea paka uzi.

Ndipo wakubwa wakaanzisha mradi wa darasa la Chanjo. Jina lilitoka kwa watu wenyewe: ukitaka kumkinga mtu na ugonjwa, unamchoma ugonjwa wenyewe, kidogo. Vijana walifundishwa alama tatu za mwizi. Ana haraka. Anataka siri. Na mwisho wa maneno yake yote, hata akizunguka vipi, anataka ndiyo. Siku ya mwisho kulikuwa na mtihani mmoja, unaitwa Kukata. Mwalimu anakiweka Kinywani kidonge cha sauti ya mtu unayempenda kuliko wote. Sauti inakupigia. Inalia. Unakata.

Otmari aliacha shule kidato cha pili, lakini kwenye Kukata alikuwa bingwa. Sekunde tisa. Rekodi ya wilaya nzima.

*

"Wezi waliokipata kipande cha sauti ya mama yako," Otmari alisema, "walikitoa kwenye video ya harusi. Ile ya binti wa jirani yenu, mama aliposimama kutoa neno. Wavu wetu wa mtandaoni umekinasa jana kikiwa kwenye soko lao, ndicho nilichokitia kwenye kidonge hicho. Kimebandikwa maelezo."

"Maelezo gani?"

Hakutaka kumwambia. Lakini Otmari alikuwa mtu wa kusema, hata kama kitu kinachoma.

"Wameandika: 'Mtoto wa kike mmoja. Anamlilia bado. Anafunguka kesho saa tatu.'"

Shingoni Irmina alikuwa amevaa futi ya mama yake, ile ya kupimia nguo, ya manjano, namba zimefutika kuanzia moja mpaka kumi na tano kwa kushikwashikwa. Aliivaa kama wenzake wanavyovaa cheni. Alizishika ncha zake mbili kwa mkono mmoja.

"Anamlilia bado," alirudia. "Wamejuaje?"

"Unaandika mtandaoni, Irmina. Usiku unamwandikia kwenye ukurasa wake wa zamani. Wanasoma."

"Na wewe unasoma?"

Otmari alitazama sakafu.

"Umesoma," Irmina alisema. "Haya. Mwizi kasoma, mwalimu kasoma. Mwizi ana Kinywa, mwalimu ana Kinywa. Mwizi kamchukua mama bila kuuliza, mwalimu kamchukua mama bila kuuliza. Hebu nionyeshe mpaka uko wapi, maana mimi siuoni."

"Mpaka ni kwamba mimi nataka upone."

"Wewe ulipona?"

Ilimwingia kama sindano ya cherehani kwenye ukucha.

"Mji mzima unajua," Irmina aliendelea, na sasa hakuwa anapiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nitamkata mama kesho, sawa. Nimkate sekunde tisa kama wewe. Halafu nije kuwa mtu wa namna gani? Na siku ya msiba wake ulikuwa wapi? Mngoni mzima, mtani wetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu! Nilikaa mlangoni siku tatu nikingoja hata Mngoni mmoja aje atutukane. Hakuja mtu. Watu wakalia, wakala, wakaondoka. Kilio chetu hakikupata wa kukivunja, kikaozea ndani."

"Nilituma ujumbe."

"Ulituma ua, Otmari. Picha ya ua. Lina umande!"

Kule nje mtu alicheka, akazibwa mdomo.

*

Ukweli ni huu, na Otmari aliujua kama anavyojua njia ya kwao.

Alilelewa na bibi yake, Winfrida, mwanamke aliyekuwa kijana enzi za simu za vitufe. Usimfikirie bibi wa kwenye picha. Bibi Winfrida alikuwa na chale ya kipepeo begani, na hadithi zake zilihusu madisko na nywele za bandia za zambarau. Jioni wakimenya maharage alikuwa anamsimulia kuhusu kubipu. "Hatukuwa na vocha, mjukuu wangu, lakini tulikuwa na akili. Unapiga, ikilia mara moja unakata. Mlio mmoja: nimefika salama. Miwili: chumvi imeisha, pitia dukani. Mitatu: nakupenda, mjinga wewe. Na nani angeuiba mlio? Mlio hauna mwenyewe." Na kwenye simu alikuwa anapaza sauti mpaka kuku wanatawanyika, "Haloo! Haloo! Nani mwenzangu?" na akikubali jambo alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, tatu kwa mpigo, kama mtu anayemwaga mtama kwa kuku, kwa kuwa zamani neno lile lilikuwa bure.

Otmari alipofika siku ya Kukata, bibi mwenyewe ndiye aliyejitolea pumzi zake kumi na moja. Mwalimu wa wakati huo akatunga kisa: Otmari, nimeanguka, mguu hauna nguvu, njoo unibebe. Otmari akakata. Sekunde tisa. Bibi alikuwa amekaa benchi la nyuma, akapiga vigelegele.

Miaka miwili ikapita. Siku moja asubuhi ya Agosti, baridi ya Songea inang'ata masikio, simu ikalia kwa namba asiyoijua. "Otmari, nimeanguka. Mguu hauna nguvu. Njoo unibebe."

Alikata. Safari hii hazikufika hata sekunde nne.

Bibi alikuwa ameanguka kweli, nyuma ya nyumba, kwenye tope la kuoshea vyombo, na aliazima simu kwa mpita njia aliyekuwa na safari yake, akaondoka akidhani mjukuu anakuja. Mwendesha mashine ya kusaga ndiye aliyemkuta, saa tisa alasiri. Aliishi wiki mbili baada ya hapo. Katika wiki hizo mbili hakumlaumu. Alimshika mkono akamwambia tu, "Ulikata vizuri, mjukuu wangu." Laiti angemtukana.

Na msibani, wakati Otmari amekauka kama gunzi, hali, halali, akaingia Mama Skolastika, mke wa Mzee Kikoti, mama yake Irmina, fundi cherehani wa sokoni. Mhehe. Mtani. Pini mdomoni kama kawaida yake, maana yule mama aliongea maisha yake yote kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine imeshika pini. Amejifunga kanga ya marehemu. Akajitupa chini katikati ya waombolezaji, akanyoosha mguu, akapaza ile sauti ya kutawanya kuku: "Haloo! Haloo! Otmari! Nimeanguka! Lakini usije, kwanza nikatie!"

Watu waliganda. Padri aliganda. Halafu Otmari, ambaye hakuwa ametoa hata chozi, alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na ndani ya kicheko ndimo kilio kilimokuwa kimejificha, kikatoka chote. Usiku ule alilala.

Mashine ilichukua sauti ya bibi ikamfundisha kumkata. Mtani aliichukua sauti ile ile akamrudishia bibi yake.

Halafu mwezi Machi, ilipofika zamu ya Mama Skolastika mwenyewe, Otmari alituma ua lenye umande. Alijiambia ana kazi. Hakuwa na kazi. Alikuwa anaogopa kusimama mbele ya watu amevaa kanga ya mtu aliyemponya.

*

Irmina bado alikuwa amesimama ukutani.

Otmari alitazama Kinywa, akatazama ngumi ya yule binti. Angeweza kumpokonya. Angeichomeka sauti, Irmina angelia, angekata, na kesho angekata tena, na fomu ingejaa vizuri. Halafu siku moja, mwaka wowote, baba yake ataanguka nyuma ya nyumba.

Na asipoichomeka? Kesho saa tatu binti huyu atapigiwa na mama yake kwa mara ya kwanza tangu amzike, na atakuwa hana kinga hata tone.

Kisha Otmari alichukua kikapu cha kuwekea simu, akatupa yake ndani, akanyoosha mkono. Irmina akasita, akaweka ya kwake. Otmari alikwenda kwenye Kinywa, akachomoa waya, akakitoa kanga, akakibeba pamoja na kikapu mpaka nje, akaviweka juani mbele ya wanafunzi.

"Mwalimu, vipi?" mmoja aliuliza.

"Kaeni mbali na mlango. Mita hamsini. Anayesogea namla kama panya."

Alirudi ndani, akafunga mlango. Akajifunga ile kanga kiunoni juu ya suruali. Mfukoni alikuwa na kiberiti. Akatoa njiti tatu akazibana upande mmoja wa mdomo.

Irmina alikodoa macho. "Unafanya nini?"

"Nipe hiyo futi."

"Otmari..."

"Nipe futi, nimesema!" Na sauti iliyotoka haikuwa ya Otmari, wala haikuwa ya Mama Skolastika. Ilikuwa mbovu. Ilikuwa sauti ya dume linalobana pua. Lakini ilipita nusu ya mdomo. "We kichwa maji! Unamsimamisha mteja hapa kama mlingoti! Sogea nikupime! Hebu ona. Miaka kumi na nane kesho, mabega kama ya kuku wa kisasa. Na hiyo sketi nani kakushonea? Mngoni? Pindo limekwenda Mbinga, zipu imekwenda Tunduru!"

Irmina aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Unacheka nini? Mimi nimekufa, wewe unacheka! Nimekaa kaburini miezi saba namngoja mtani aje anitukane, naletewa ua! La kwenye simu! Nikanusa, nikanusa, halina harufu! Nikawauliza wenzangu huku chini, jamani, Wangoni wameishiwa matusi? Wakaniambia hapana, wanatafuna panya, wakimeza watakuja."

Alikuwa anampima huku anaongea, mabega, mkono, kiuno, anasoma namba zilizofutika na kuzitangaza kwa fujo, "Kumi na ngapi? Hazionekani! Umezila? Mhehe wewe, mbwa wameisha mtaani sasa umehamia kwenye namba!" Irmina alikuwa amejikunja, anacheka bila sauti, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni, na alipojaribu kusimama wima alishindwa, akashikilia bega la Otmari.

Otmari alikuwa amepanga kumalizia na mtego. Kwamba akishamlegeza, mama huyu wa njiti za kiberiti aombe ile ndiyo, Irmina akatae, somo liishe. Lakini alipofika pale, na futi imezunguka mabega ya yule mtoto, alitambua kwamba Mama Skolastika hakuwahi kuomba kitu kwa mtu. Alikuwa anauliza kimoja tu, kila jioni, akiwa hajainua macho kwenye cherehani, na mtaa mzima ulikuwa unamsikia.

"We kichwa maji," alisema polepole. "Umekula?"

Irmina aliinua uso.

"Ndiyo, mama," alisema.

Neno lilizunguka kwenye ghala tupu. Lilikuwa neno fupi, na zuri. Otmari hakuwa amelisikia likisemwa hivyo tangu maharage ya bibi. Wote wawili walilisikiliza mpaka likaisha. Hakukuwa na chombo cha kulidaka.

Irmina alijifuta uso kwa pindo la kanga aliyoivaa mwalimu wake, akafungua ngumi. Kidonge kilikuwa kimeacha alama kwenye kiganja.

"Chukua," alisema. "Siyo yeye."

*

Kwenye fomu ya mradi, penye jina la Irmina Kikoti, Otmari aliandika: Hakupimwa. Alijua maana yake. Binti akinaswa kesho, yeye Otmari kazi hana, na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba Irmina angeamka hana jina.

Asubuhi yake walikaa mezani wawili pale ghalani, simu katikati. Irmina amevaa futi yake. Saa tatu na dakika mbili simu ililia.

"Irmina? Irmina, mwanangu mpendwa?"

Haki ya Mungu, alikuwa yeye. Sauti ya siku ya harusi, imenyooka, imetulia, kila neno limepigwa pasi. Irmina alifumba macho. Kidole kimoja cha mkono wake kilianza kupanda kwenye futi, namba kwa namba.

"Ni mimi, mwanangu. Sina muda mrefu, wameniruhusu dakika moja tu. Nimekukosa sana. Baba yako usimwambie, atashtuka. Najua unanilia usiku. Nimekusikia kila usiku."

Haraka. Siri. Otmari alikuwa anahesabu moyoni. Sekunde tisa zilipita. Kumi na tano. "Kata," alinong'ona. Irmina alitikisa kichwa.

"Unanipenda, mwanangu? Sema tu, nisikie. Neno moja, nipumzike."

Midomo ya Irmina ilifunguka. Otmari aliiona, akaona ulimi ukigusa meno kwa ndani, na mkono wake ukaenda wenyewe kuelekea kwenye simu. Akauzuia. Akauweka chini ya paja akaukalia.

"Mama," Irmina alisema, macho bado amefumba, "una nini mdomoni?"

Kinywa cha wezi kilichelewa. Kidogo sana, kama mtu anayemeza mate.

"Sina kitu, mwanangu. Mdomoni nina upendo wako tu."

Irmina alifumbua macho. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa chenji akaigundua noti bandia.

"Sauti yako nzuri," aliiambia simu, wala hakuwa anaikejeli. "Nzuri kweli. Ningekaa nikusikilize mpaka jioni. Lakini umechelewa. Unachokitaka mama alishakichukua jana."

"Mwanangu, nani? Nani kachukua?"

Hakukata. Aliisogeza simu katikati ya meza, taratibu, kama mtu anayemwachia mgeni chai, akasimama, akaweka sawa futi shingoni, akatoka. Mlangoni hakugeuka. Wenzake waliokuwa nje walimpisha.

"Irmina? Mwanangu, upo? Irmina, usiniache." Sauti ilitetemeka, ikalia, ikaanza upya kwa mwendo mwingine. Kinywa kilikuwa kinamtafuta. Kisha kikasita, kikasikiliza pumzi iliyobaki chumbani.

"Nani yupo hapo?" sauti ya Mama Skolastika iliuliza.

Harufu ya tumbaku ilikuwa inapanda kutoka kwenye kuta. Mvua ilikuwa karibu. Otmari aliinuka, akakusanya njiti tatu za jana zilizobaki mezani, akazitia mfukoni.

"Mtani," alisema.

Akageuka, akaenda zake.